Jumamosi ni Mosi

Ujumbe umeingia kabla ya chai:
"Mwandishi wetu, habari za wikendi?
Kuna kakazi kadogo. Maneno elfu moja na mia mbili,
mafuta ya nywele, yawe na mvuto.
Tunayahitaji Jumatatu asubuhi."
Kakazi.
Kila kitu cha Lyatuu kina ka-,
isipokuwa haraka yake.
Malipo nayo huja kwa mwendo wa kobe
aliyepitia kwanza kuaga ukweni.

Nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, Mabatini,
maana mtandao huku hupanda mlima kama sisi,
ukitweta.
Chini yangu mabati, chini ya mabati ziwa,
na kivuko cha Kamanga kinakwenda na kurudi
bila kuuliza leo ni siku gani.

Aliyeajiriwa ana Ijumaa.
Saa kumi na nusu anafunga droo,
na yaliyomo droo yanabaki humo.
Droo yangu mimi ni kichwa, hakina kitasa.
Naoga, naandika.
Jumapili iliyopita, kwenye matangazo ya kanisani,
nilimsahihisha katibu kimoyomoyo
upatanisho wa ngeli mara tatu,
nikakosa kusikia aliyefiwa ni nani.

Minza, miaka sita, kaja na kikombe changu:
"Baba, leo siku ya kazi?"
Leo Jumamosi, mama.
"Mosi ni moja," akasema. Wamefundishwa juzi.
"Kumbe leo ndiyo juma linaanza?"
Nami niuzaye neno shilingi arobaini
nikakosa hata moja la kumpa bure.

Kweli, waliotuhesabia siku walianzia hapa:
mosi, pili, tatu.
Huu mwisho wa juma ninaoulilia
nimeuona kwenye kalenda ya kampuni ya saruji.
Tena juma lao lina tano mbili,
Jumatano na Alhamisi,
halafu sita halina.
Hizo ni hesabu za mtu aliyekesha.

Mchana umeme ukakatika.
Nikashuka Kirumba na betri mkononi,
kwa Mama Kalekwa anayechaji taa za dagaa.
Kufuli. Yeye mwenyewe kibarazani, anasukwa.
"Mbalamwezi," akasema, bila kugeuza shingo.
Mwezi ukiwa mpevu taa haimdanganyi dagaa,
mitumbwi inalala.
"Giza likirudi nitafungua."
Na njaa je?
"Njaa ipo. Hata kwenye giza ilikuwepo."
Nani alikupangia mapumziko?
Akanyanyua kidevu juu, msusi akamrudisha.
"Wewe wako nani?"

Wangu hayuko angani. Yuko Dar, ana ofisi yenye kiyoyozi.
Nikikataa, kuna kijana Igoma, halali,
anaandika kwa thelathini na anashukuru.
Wanaoniambia "pumzika, mwili si chuma"
huwa wanasema wakichokonoa meno.

Lakini mwaka jana niliuza Jumamosi hamsini na moja
na sikumbuki hata moja,
wala mafuta, wala sabuni, wala hotuba ya harusi
ya bwana harusi nisiyemjua.
Nakumbuka ile moja, transfoma ilipoungua,
mimi na Minza juu ya jiwe hili
tukihesabu mijusi wenye vichwa vya waridi.
Walifika arobaini na moja.
Yeye anasema arobaini na mbili.

Nikaandika: "Jumatano." Nikafuta.
"Jumanne." Nikafuta, nikaona aibu, nikaona kodi.
Nikatuma: "Jumatatu jioni, ndugu yangu."
Akajibu kidole gumba tu.

Basi nimejipatia kajumapili kadogo,
kuanzia ibada hadi saa tisa hivi.
Baada ya hapo, nywele.
Sijui kama nimeshinda.
Minza ananivuta shati: yule wa arobaini na mbili
katokeza kichwa chini ya karai,
na mimi natafuta mahali pa kuweka simu.